Gari Moja, Zima, Linalotembea

Likombe, Mtwara
20 Novemba 2024

Mdogo wangu mpendwa Fredi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kusini. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Irene na binti yenu Neema, na kwamba ule mgongo uliokusumbua mwezi wa saba sasa umekuachia. Mimi sijambo. Presha imetulia, magoti ni yale yale unayoyajua, na joto limeanza kupanda. Mvua ilitunyeshea siku mbili kisha ikatusahau.

Najua utashangaa kuletewa barua kwa basi wakati simu ninayo mkononi. Sababu ni kwamba kwenye simu hunisikilizi. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, tena unaimalizia vibaya. Tangu Jumapili umenipigia mara tisa kuuliza gari litapakiwa lini kwenye lori la kuja Dodoma, na mara zote tisa nimekuambia usubiri. Jibu la kama utalipata au hutalipata limo humu ndani. Nakuomba, kama dada yako na kama mwalimu aliyekufundisha fizikia mezani kwa mama kule Mbinga, usirukie ukurasa wa mwisho. Soma kwa mpangilio, maana jibu bila hatua halina maksi.

Nianze na ulivyonituma, ili kumbukumbu zetu zilingane. Mwezi wa nane uliniambia kwamba umebakiza miaka minne ya kazi wizarani, na kwamba kabla hujawa mzee unataka gari moja tu la maisha yako: gari la zamani la michezo, lenye injini inayopozwa kwa hewa, ulinunue likiwa bovu na ulijenge upya kwa mikono yako. Sikucheka. Nilikuuliza kwa nini usinunue linalotembea, ukasema linalotembea halina raha. Sawa. Kisha ukaniambia kwamba umesikia huku Mtwara yako matatu, yaliyoachwa na wazungu wa miradi ya zamani, na kwa kuwa mimi ni mstaafu na nina nafasi, niyakague nikuchagulie moja. Hilo la nafasi nimelisamehe.

Halafu ukaanza kunitumia video. Fredi, nimetazama wanaume wa nchi za baridi wakigonga milango ya magari kwa vidole na kutikisa vichwa hadi bando langu likaisha. Na baada ya elimu yote hiyo, siku naenda kwenye ukaguzi wa kwanza ukanitumia ujumbe kuuliza rejeta ina hali gani. Nilisimama barabarani nikausoma mara mbili. Injini inayopozwa kwa hewa haina rejeta. Silinda zake zimezungushiwa mapezi membamba ya chuma, feni inasukuma hewa katikati ya mapezi hayo, joto linaondoka. Haina maji, haina mipira ya kupitisha maji, haina cha kuchemka. Ndiyo maana inaitwa hivyo. Dereva wa bodaboda aliyekuwa ananisubiri alielewa baada ya maelezo ya dakika mbili, na alikuwa hajaulizia gari.

Gari la kwanza lilikuwa la fundi Hashimu, ambaye gereji yake iko karibu na soko. Jekundu, linang'aa, limechongoka kama samaki. Nilikuwa na sumaku yangu ya maabara, nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi, kwa sababu sumaku hushika bati na haishiki puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya kutu. Niliiweka kwenye mlango ikaanguka. Nikaiweka kwenye boneti ikaanguka. Nilizunguka gari zima kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo. Hashimu alikuwa amekaa juu ya tairi anakunywa chai, akanitazama mpaka nilipomaliza, ndipo akasema, "Mwalimu, hilo mwili wake ni plastiki. Chini ni Volkswagen ya kawaida. Ni la kupigia picha za harusi, si la kupimwa na sumaku." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema hajawahi kuona mama wa umri wangu akikagua gari na hakutaka kukatisha.

La pili lilikuwa Mpapura, kwa mkulima wa korosho aitwaye Mzee Rajabu. Hilo lilikuwa la kweli, bati tupu. Lakini kwa misimu zaidi ya kumi Mzee Rajabu amelitumia kama stoo ya salfa ya kupulizia mikorosho. Unajua salfa ikikutana na unyevu inafanya nini kwenye chuma, na kama hujui basi nilipoteza muda mezani kwa mama. Nilifungua mlango, nikaingiza mguu mmoja, na kiatu changu kikakanyaga mchanga wa Mpapura. Sakafu hakuna. Nikamwonyesha. Mzee Rajabu hakutikisika hata kidogo. Akasema, "Si umesema hili linapozwa kwa hewa? Basi hewa inaingilia hapo." Wewe nilipokuambia, ukauliza kama sakafu inaweza kuagizwa. Nilikata simu, na leo nakiri kwamba haikuwa mtandao.

La tatu lilikuwa Mikindani, na hapa naomba utulie usome polepole.

Ni Porsche ya mwaka 1968, silinda nne zilizolala, mbili kila upande, injini nyuma. Lilikuwa nyuma ya nyumba moja ya zamani, ndani ya banda la makuti, limekaa juu ya mawe manne, limefunikwa turubai. Injini yake ilikuwa mezani pembeni, imefunikwa kanga. Nilipopitisha sumaku ilishika mlango, ikashika tao la gurudumu, ikashika hata chini ya sehemu ya betri ambako kila video yako inasema pameoza. Chini kote palikuwa pamepakwa oili chafu, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, na mtu aliyejua chumvi ya bahari inapenya wapi. Nilipiga magoti, magoti yangu haya, nikaangalia sakafu nzima. Nilipoinuka nilikuwa na hasira na wewe, kwa sababu sikuwa na la kulikosoa.

Mwenye nyumba, Bwana Nuhu, fundi mitambo wa zamani wa bandarini, alikuwa amefariki mwezi wa nane. Aliyenipokea ni mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka thelathini na kitu, jina lake Thabiti. Alisema yeye ndiye msimamizi wa mambo yote ya marehemu, na kwamba gari ni la ukoo na linauzwa. Nilimwambia ningependa kwanza nimpe pole mjane. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba mama yake mdogo yumo edani na haonani na watu.

Fredi, wewe unajua eda kwa kuisikia, na mimi nilidhani naijua kwa kuishi nayo jirani. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi; hajipambi, hatoki bila dharura. Nimeishi huku miaka thelathini na tisa. Nimekula futari kwenye nyumba nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka. Na katika miaka hiyo yote niliamini kwamba mjane aliye edani hasemeshwi. Kwa hiyo niliinamisha kichwa, nikatuma mchele na sukari kwa mkono wa jirani aitwaye Husna, nikaondoka najipongeza kwa kuheshimu mila za watu. Ulipotuma hela nikamkabidhi Thabiti. Hashimu akalivuta gari mpaka hapa kwangu Likombe, na injini ikaja juu ya godoro langu la wageni.

Yaliyofuata unayajua nusu. Uliagiza ringi za pistoni, beringi na gasketi kutoka ng'ambo, ukaniletea kwa basi, ukaniambia nizitunze tu mpaka gari lisafiri. Sikuzitunza. Hashimu alikuja Jumamosi moja kuangalia injini, mimi nikamshikia taa, na Jumamosi iliyofuata ni yeye aliyekuwa ananishikia mimi. Nimefundisha injini miaka thelathini na nne, Fredi. Nimechora pistoni ubaoni ikipanda na kushuka mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuichora usingizini, na vumbi la chaki hiyo bado ninalo kifuani. Lakini sikuwahi kufungua injini hata moja. Shule haikuwa nayo. Nilipoingiza ringi ya kwanza kwenye pistoni na ikakaa, nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi, ili Hashimu asinione uso.

Kisha ukaanza wimbo wa kabureta. Ni kweli hazikuwepo. Ulinipigia ukaniambia bila zile kabureta mbili za asili hilo si gari bali ni kitanda. Nikampigia Thabiti, akasema hajui kabureta ni kitu gani na kwamba yuko Newala kwenye mnada wa korosho. Basi nikaenda Mikindani mwenyewe, nikasimama nje kama mpitanjia, nikamweleza Husna shida yangu. Husna aliniangalia akasema, "Sasa si umuulize mwenyewe?" Nikamwambia yumo edani. Akasema, "Ndiyo, yumo edani. Kwani wewe ni mwanamume?" Akanishika mkono akanipitisha mlangoni.

Bi Saumu alikuwa ameketi mkekani, kanga zake zimefifia, hana hata hereni. Mbele yake palikuwa na sinia, na kwenye sinia kabureta zote mbili zimefunguliwa vipande vipande, kila kipande mahali pake, na yeye anasafisha tundu dogo kwa unywele wa brashi. Nilimpa pole, akaipokea. Kisha akaniuliza, na uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, iwapo mimi ndiye fundi anayelimalizia gari lake.

Alinieleza bila mimi kuuliza. Mwaka 1993 Nuhu alipomposa hakuwa na kitu zaidi ya gari hilo, alilopewa na mhandisi wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, tayari limekufa injini. Mahari ikaandikwa hivyo hivyo: gari moja, zima, linalotembea. Mashangazi walicheka mpaka shughuli ikachelewa. Walimwambia ameolewa na vyuma. Nuhu akaanza kulitengeneza. Kila alipopata kifaa kimoja, kingine kilikuwa kimekwisha. Kila mwaka, siku waliyooana, alimuuliza kama amemsamehe mahari, na kila mwaka yeye alimjibu, "Sisamehi. Tengeneza." Aliniambia hayo akicheka, na mimi nikacheka naye. Watoto hawakujaliwa. Jioni zao zilikuwa hizo: mume chini ya gari, yeye anampa spana. Siku ya mazishi, ilipoulizwa nani anamdai marehemu, wazee walimwomba amsamehe sasa ili mwenzake apumzike. Akakataa. Alisema Nuhu hakuwahi kutaka kusamehewa, alitaka kulipa. Ndipo Thabiti akasimama mbele ya watu akasema deni la baba yake mdogo ameshalibeba yeye, gari litamalizwa. Na mwezi wa tisa akamwambia limepelekwa kwa fundi mjini.

Sasa unaona nilikuwa nimekalia mali ya nani. Mahari ni mali ya mke. Haingii kwenye urithi. Inatolewa kwanza, kabla ndugu yeyote hajagusa kitu. Sikuhitaji kuelezwa na sheikh, ingawa baadaye nilikwenda kumuuliza na akanieleza vivyo hivyo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo siku nyingi nimeshindwa kukuambia, na ndilo lililonifanya nikate simu zako. Bi Saumu aliponiuliza kama mimi ndiye fundi, nilisema ndiyo.

Nilisema ndiyo, Fredi, mimi niliyewachapa watoto kwa kunakili mtihani. Nikaketi mkekani pale, nikajifunza kuzifunga kabureta zile kipande kwa kipande, nikaondoka nazo zimefungwa kwenye kanga. Na nilirudi mara tatu zaidi. Kila nikikwama nilikwenda kumuuliza, na kila mara alinielekeza bila kuona injini, akifumba macho na kusogeza vidole hewani. Kila nikiaga aliuliza gari lake linaendeleaje, nami nikamwambia linaendelea. Hivyo siku kumi na tisa. Nilijiambia nafanya kwa ajili yako, kwa sababu umelipa na wewe ni mdogo wangu. Haikuwa kwa ajili yako. Nilijua nikisema kweli watalichukua, na nilitaka niimalize ile injini.

Ijumaa mbili zilizopita nilimwambia kwamba imefungwa na inazunguka kwa mkono bila kukwama. Alivuta sanduku, akatoa hereni zake za dhahabu alizozivua siku aliyofiwa, akaziweka kwenye kiganja changu na kukifunga. Ni ujira wa fundi, alisema. Fundi wa mahari hafanyi kazi bure.

Nilimwambia yote. Nilimweleza vibaya, mimi ninayejua kueleza; nilianzia katikati, nikarudi nyuma, nikataja sumaku. Hakupiga kelele. Alichukua hereni zake akazirudisha sandukuni. Kisha akaniuliza kama nati za kabureta nilizikaza sawasawa pande zote mbili, kwa sababu upande wa kushoto hupenda kulegea. Nikasema nilizikaza. Akasema, "Basi nenda ukalilete gari langu, Mwalimu. Na lisiwashwe na mtu yeyote mpaka mimi nitoke ndani."

Limerudi. Hashimu alilivuta Jumatatu, injini ikiwa mahali pake, na ringi zako na beringi zako na gasketi zako zote zimo ndani yake. Sikumwambia Bi Saumu bei yake na sitamwambia. Thabiti alikuja hapa kunifokea kwamba nimemchongea kwa ukoo. Nilimwacha afoke, kisha nikamuuliza kama nimwite sheikh aje asikie naye. Hela yako ameirudisha isipokuwa ile aliyokwisha kununulia bati za nyumba yake, na hiyo nitakutumia mimi.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: gari hulipati. Nakuomba radhi. Si kwa kulirudisha, hilo ningelirudia, ila kwa siku zote hizi nilizokuacha ukipima upana wa gereji yako huko Dodoma huku najua ni la nani. Kasirika kadiri unavyotaka. Usije tu ukaniambia nitafute la nne.

Limebaki jambo moja, na sikutaka kulisema kwa simu kwa kuwa ungekata kabla sijamaliza. Eda ya Bi Saumu inakwisha Jumapili, tarehe kumi na tano Desemba. Siku hiyo anataka kwenda Msimbati kwa dada yake, kwa gari hilo, mchana kweupe, apite mbele ya mashangazi wote waliobaki hai. Kuendesha hajui; angejifunzia nini, na gari lenyewe halikuwahi kutembea? Thabiti, Bi Saumu hamtaki hata aguse mlango. Hashimu anasema anaogopa kuwa yeye ndiye atakayelizima njiani mbele ya watu. Mimi leseni sina. Nilimtajia Bi Saumu kwamba nina mdogo wangu ambaye angelia akilishika usukani. Akauliza kama wewe ni yule aliyenunua. Nikasema ndiye. Akasema, "Basi aje. Gari la watu amelilipia, angalau aliendeshe mara moja. Mwambie asikimbize."

Mahari ile iliandikwa linalotembea, Fredi. Kwa hivi lilivyosimama bandani, Nuhu bado anadaiwa. Basi la Dodoma linaingia hapa jioni. Ukitoka Ijumaa utakuwa na Jumamosi nzima ya kukagua nati za upande wa kushoto.

Mwambie Irene nimepata kile kitenge alichokitaka, rangi ya pili. Neema mwambie shangazi yake anauliza matokeo na hatosheki na neno "mazuri". Wote nawasalimu, na majirani wa hapo wanaonijua usiwasahau. Mwenyezi Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako, ambaye sabuni ya tatu sasa imeshindwa kuitoa oili kwenye kucha zake,

Theresia